Trei Ambayo Hakuna Aliyeileta

Kijijini kwetu Carnabrack mwanamke hachagui trei yake, yaani kitamu cha kukatwa vipande anachopeleka kwenye kila chai ya kanisa. Hupewa, kama anavyopewa jina la ukoo siku ya harusi, na akishapewa ni yake mpaka azikwe. Iris Taggart anatengeneza zile za kuviringishwa kwenye nazi, tunazoziita kumi-na-tano kwa kuwa biskuti, peremende laini na cheri zake huhesabiwa kumi na tano kila aina. Noreen Wylie ana ya karameli. Shangazi yangu Rhoda Gault alikuwa na ya biskuti na chokoleti, ile isiyoingia kwenye oveni bali huachwa igande yenyewe. Aliipokea kwa mama mkwe wake pamoja na shamba la kondoo la mlimani, stoo ya mawe yenye baridi nyuma ya nyumba, na mume aitwaye Hubert.

Sheria hii haijaandikwa popote, wala hakuna anayekumbuka ilianza lini. Lakini mwanamke akitokea kwenye chai ya kanisa na trei ya mwenzake, watu watamshukuru, watakula, kisha watamsema mpaka wajukuu wake waolewe.

Nilimwona shangazi akiitengeneza mara nyingi kuliko nilivyomwona ameketi. Alianza na biskuti za ngano. Alizitia kwenye mfuko safi, akaufunga mdomo, akazipiga kwa mti wa kusukumia, bila hasira, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni ili acheue. Zisiwe unga, zisiwe mapande. Ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Siagi, shira na kakao viliyeyuka pamoja kwenye sufuria, maziwa mazito ya kopo yakafuata, halafu biskuti na konzi ya zabibu kavu. Alimimina kwenye trei iliyotandikwa karatasi, akakandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka kifundo cha mkono kikamuuma, kisha chokoleti juu, na mawimbi ya kuchora kwa uma. Chokoleti ilipoanza kushika, kabla haijawa ngumu, alipitisha kisu kilichochovywa kwenye maji ya moto. Ukichelewa hapo inapasuka ovyo, kama barafu ya dimbwini ikikanyagwa na ng'ombe.

Kingo hazikupelekwa kwa watu. Alizikata ili vipande viwe mraba, na kingo zilikuwa za Hubert. Alizila akiwa amesimama mlangoni, buti za matope miguuni, kwa kuwa hakuruhusiwa kukanyaga jikoni nazo.

“Wao wanapewa sura,” alikuwa akisema huku akilamba vidole. “Mimi napewa utamu.”

Kisha mapafu yake yakaanza kumsaliti. Kwanza akaacha kupanda mlimani, halafu akaacha kutoka uani, na mwishowe kitanda chake kikahamishiwa chumba cha mbele, pamoja na mashine ya oksijeni iliyonguruma mchana na usiku kama friji mbovu. Shangazi akawa mtu wa kondoo, wa dawa, wa mashuka, na wa kupanda na kushuka. Na bado ilikuwepo trei. Carnabrack ni padogo, lakini watu wanakufa kama kwingineko, na wanabatiza, na wanaaga wachungaji na kuwakaribisha wengine, na hakuna hata moja kati ya hayo linalofanyika bila chai. Ilifika mahali simu ikilia asubuhi mapema, shangazi alitazama kwanza kabatini kama biskuti zinatosha, ndipo akauliza nani amefariki.

Siku moja nilitoka Belfast kuwatembelea nikamkuta amesimama mbele ya jiko, bakuli la chokoleti juu ya maji ya moto, mwiko mkononi, macho yamefumbwa. Nilidhani anasali. Alikuwa amelala.

“Rhoda,” sauti ya Hubert ikatoka chumba cha mbele, nyembamba, ikisubiri pumzi. “Inaungua?”

“Haiungui,” alijibu shangazi bila kufumbua macho.

“Basi ni wewe unayeungua.”

Kiangazi cha mwisho Hubert hakuweza tena kumeza kitu kikavu. Shangazi aliendelea kukata kingo na kumwekea kwenye kisahani kando ya kitanda. Hubert alichukua mmoja, akaushika mpaka chokoleti ikamyeyukia mkononi, akalamba vidole, akasema ni mzuri. Kisahani kilirudi jikoni karibu kama kilivyotoka.

Septemba, kabla ya ibada ya mavuno, shangazi aliamua kuiacha trei ile. Hakuwa akitafuta sifa wala kubembelezwa. Alitaka mwanamke mwingine aichukue, moja kwa moja, iwe yake, ili yeye siku ya chai aweze kufika mikono mitupu na kuketi. Hilo tu. Na hilo tu ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu ya namna tunavyokataa.

Hapa kwetu hapana ya kwanza si jibu, ni adabu. Ya pili nayo ni adabu. Alfie Taggart, mume wa Iris, alikuwa akija kumwona Hubert kila Jumapili, na kila Jumapili ilikuwa hivi:

“Chai, Alfie?”

“La, usijisumbue, nimetoka kunywa sasa hivi.”

“Kikombe kimoja tu.”

“Hapana, Rhoda, sikai.”

“Birika limeshachemka.”

“Haya basi. Nusu kikombe.” Na hapo angekunywa vikombe vitatu na kumaliza mkate.

Anayekubali mara ya kwanza ana njaa au hakulelewa. Anayekataa mara ya tatu, mimi sikuwahi kumwona.

Kwa hiyo shangazi aliposimama kwenye kikao cha wanawake katika ukumbi wa kanisa akasema mwaka huu hataleta, na kwamba angependa mwingine aichukue, Noreen Wylie alimtazama kwa mapenzi. Noreen ndiye mwenyekiti wao, mwanamke mrefu anayevaa funguo za jiko la kanisa shingoni. Aliuliza nani atathubutu, maana watu wataitema. Ukumbi ukacheka. Shangazi akasema tena kwamba amechoka, Hubert halali usiku, yeye pia halali. Wote wakamwonea huruma, na huruma yao ilikuwa ya kweli. Iris alimshika mkono akaubana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata kama umetiwa chokoleti juu. Kisha Noreen akamwomba mara ya tatu, kama inavyotakiwa. Trei moja tu, alisema, na wewe unaitengeneza hata ukiwa usingizini.

Shangazi alizaliwa Carnabrack na kulelewa Carnabrack. Akasema haya, moja.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari siku hiyo, nikamsubiri nyuma ya ukumbi. Tulifika karibu na lango la shamba ndipo akasema, “Nilikataa mara mbili.” Nikasema nilisikia. Akauweka sawa mkoba mapajani. “Sijui mtu akitaka kukataa kweli afanyeje,” alisema, kisha akashuka kufungua lango, kwa kuwa Hubert alikuwa peke yake na muda ulikuwa umeenda.

Akatengeneza ya mavuno. Akatengeneza ya mazishi ya mpiga kinanda wa zamani, na ya ubatizo wa mapacha, na ya Krismasi ya wazee.

Hubert alifariki Februari, asubuhi ya mvua iliyochanganyika na theluji, shangazi akiwa amemshika mkono. Mchana jeneza lilikuwa chumba cha mbele, pale pale kilipokuwa kitanda. Mashine ilikuwa imezimwa, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba kila aliyeingia alipunguza sauti bila kujua kwa nini.

Sisemi vibaya juu ya Carnabrack wakati wa msiba. Kabla mtu hajaomba, kondoo walikuwa wamelishwa. Viti vililetwa kutoka ukumbini, na birika kubwa la kanisa, na vijiko. Wanaume walisimama uani kwenye matope wakielekeza magari. Shangazi aliwekwa kwenye kiti kando ya jeneza, na watu walipita mmoja mmoja wakimpa mkono na kumwambia pole kwa msiba, Rhoda, alikuwa mtu mwema. Mfiwa hagusi kitu. Aliletewa chai katika nyumba yake mwenyewe, kwenye kikombe chenye kisahani, na nilimwona akikitazama kikombe kile kama kitu cha wageni ambacho hajui kama anaruhusiwa kukitumia. Mimi nilikuwa kwenye sinki. Sinki ni mahali pazuri kwa mtu asiyejua la kuwaambia watu.

Meza ilijaa. Sandwichi za nyama ya nguruwe, sandwichi za mayai na vitunguu, kumi-na-tano za Iris, karameli ya Noreen, na vingine, kila sahani na jina la mwenyewe kwenye plasta iliyobandikwa chini ili irudi kwao. Lakini kati ya sahani ya Iris na ya Noreen palikuwa na nafasi, upana wa sahani moja. Hakuna aliyeipanga. Kila mwanamke alipoweka chake aliiruka, kama unavyoacha kiti cha mtu aliyetoka kidogo na atarudi.

Na halikuwa hilo peke yake. Chini ya dirisha la jikoni mifuko ilianza kujipanga. Mmoja alileta pakiti mbili za biskuti za ngano. Mwingine chokoleti, mwingine siagi, mwingine kopo la maziwa mazito. Hakuna aliyeweza kuthubutu kuitengeneza trei ya Rhoda, tena ndani ya nyumba ya Rhoda. Lakini hawakuwa watu wa kumwacha mjane ahangaike kwenda dukani. Iris aliweka mkebe wa shira juu ya rundo akaninong'oneza kwamba hivi angalau atapata kila kitu karibu. Siku ya pili kona ile ilionekana kama rafu ya duka.

Alasiri ya siku hiyo ya pili Alfie alikuja na sahani yake mezani. Alizunguka akichagua, akasema kwa nia njema kabisa kwamba hii ni meza ya heshima, Hubert angefurahi, ila kuna kimoja hakioni.

“Ile ya Rhoda iko wapi?” alisema.

Alfie ana masikio mazito na sauti ya mnadani. Wanaume wawili wakacheka polepole. Mmoja akakumbusha kwamba Hubert ndiye aliyekuwa na bahati, alikuwa akipata kingo. Kutoka kwenye sinki niliweza kuona chumba cha mbele kupitia milango miwili iliyokuwa wazi. Shangazi aliweka kikombe chini, akashika mikono ya kiti, akainuka.

Alikuja jikoni. Noreen alikuja nyuma yake, na Iris nyuma ya Noreen. Noreen alikuwa mpole, haki yake nimpe. Alisema kesho baada ya kuzika chai itakuwa ukumbini, na watu watatoka mbali, mpaka Ballymoney. Wao watafanya kila kitu, Rhoda hataosha hata kijiko. Ila pengine mikono ikipata kazi moyo nao unapumzika kidogo, na vitu vyote viko hapa, ona.

“Ungependa kuitengeneza?” alisema. “Kwa ajili yake?”

“Hapana, Noreen.”

Noreen akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayepokea salamu. Iris alikuwa ameshashusha sufuria, kwa sababu jiko lile alilijua kama lake.

“Sisi tutaponda biskuti. Wewe utakoroga tu.”

“Hapana. Asante.”

Siagi ikatoka kwenye friji. Mimi nikasogea pembeni ya sinki ili shangazi apate kunawa mikono. Hata mimi nilikuwa ninaijua njia na nilikuwa ninaifuata. Noreen alichukua aproni ya shangazi kwenye ndoana ya mlangoni, akaikunjua, akaishika wazi mbele yake, kama unavyomshikia mtu koti ili aingize mikono.

“Trei moja tu, mpenzi. Ya mwisho.”

Shangazi alitazama aproni. Ilikuwa na doa la kakao mfukoni lililokataa kutoka miaka mingi. Akanyoosha mkono kwenye mifuko ya dirishani, akachukua pakiti ya biskuti, akaibonyeza kwa kidole gumba. Biskuti moja ikavunjika ndani ya karatasi; tuliisikia sote. Nikajua imekwisha, ataitengeneza.

Akairudisha pakiti mahali pake.

“Hapana,” alisema.

Hakuna aliyejua kinachofuata hapo. Kwetu njia inaishia kwenye ya tatu. Mbele yake hapakuwa na alama wala uzio. Noreen alibaki na aproni mikononi, Iris na siagi.

“Hapana?” aliuliza Noreen, kama mtu aliyeambiwa saa isiyokuwepo.

“Sitaki kuitengeneza. Leo sitaki, na kesho sitaki. Nilikwambia Septemba.” Hakupandisha sauti. Nyuma ya ukuta watu waliendelea kunong'ona na vikombe kugongana. “Nimechoka, Noreen. Na aliyekuwa akila kingo yuko pale ndani.”

Nilimwona Noreen akirudi nyuma polepole, si kwa miguu. Alikuwa akipita ile Krismasi ya wazee, na mapacha, na mpiga kinanda, mpaka akafika ukumbini mwezi wa Septemba na kumkuta Rhoda amesimama. Akaenda kutundika aproni. Akaikosa ndoana mara ya kwanza.

“Ulisema,” alisema. “Mimi nilidhani unasema tu.”

“Najua.”

“Kila mtu husema.”

“Najua, Noreen. Hata mimi.”

Shangazi akarudi kwenye kiti chake kando ya Hubert. Iris akairudisha siagi kwenye friji na kufunga mlango wake kwa kiganja, taratibu, kama mlango wa chumba alicholala mtoto. Noreen akachukua kitambaa akaanza kukausha vyombo vyangu, na alikausha vingi ambavyo vilikuwa vimekwisha kukauka.

Tulimzika kesho yake, upepo ukitokea baharini na mchungaji akishikilia karatasi zake kwa mikono miwili. Kisha ukumbini, kwenye mvuke wa chai na makoti yaliyoloa. Noreen alikuwa amepanga meza mwenyewe tangu asubuhi. Nafasi ilikuwepo tena, kati ya kumi-na-tano na karameli. Msichana mmoja aliyeolewa juzijuzi, ambaye hata hajapewa trei yake bado, aliiona akaanza kusogeza sahani ili aizibe. Noreen akamshika mkono.

“Paache,” alisema.

Kwa hiyo pakaachwa. Watu wazima walipafikia, wakapatazama, wakaruka kwenda kwenye karameli. Alfie alipofika alifungua mdomo. Iris alikuwa upande wa pili wa meza na birika mkononi, akamtazama, na Alfie akautumia mdomo ule ule kula sandwichi ya mayai.

Shangazi alikuwa amekaa karibu na bomba la joto, bado ndani ya koti lake jeusi. Alikuwa na rangi ya majivu. Baba yangu, kaka yake, alisimama kando akipokea rambirambi za waliokuwa na aibu ya kumsogelea. Iris akaja na sahani ya kumi-na-tano, akainama, akajikita kwa miguu yake, tayari kukataliwa mara mbili.

“Utakula kipande, Rhoda?”

“Nitakula,” alisema shangazi. “Nipe viwili.”

Iris alibaki ameinama. Aliyekuwa akizungumza na baba akageuka kutazama. Shangazi akachukua vyake kwa mkono, bila sahani, akauma kimoja na kutafuna muda mrefu, akitazama sakafuni.

“Mbona ni tamu hivi?”

“Miaka yote hii,” alisema Iris, “kumbe hujawahi kula zangu?”

“Nilikuwa nakata zangu.”

Iris akamwekea leso ya karatasi mapajani akaenda zake, na baadaye nilimkuta jikoni akifuta kaunta ambayo ilikuwa safi.

Nilipotazama tena, shangazi alikuwa amekwisha kula kimoja na kingine kilikuwa mkononi, na amelala. Alikuwa amelala akiwa ameketi wima, kidevu kifuani, chenga za nazi kwenye koti lake la msiba, na kikombe kikiinama kwenye goti. Noreen alimwona kabla kikombe hakijamwagika. Akakichukua kwa vidole viwili. Kisha akageuka akaunyooshea ukumbi mkono wake, kiganja chini. Chai ya mazishi haiwezi kunyamazishwa, lakini walijitahidi. Sauti zilishuka, vijiko vikaacha kugonga, na mtu akamtoa nje mtoto aliyekuwa akivuta kiti.

Baba alikuja na wasiwasi. Alisema mchungaji anaondoka, amevaa kofia tayari, na si vizuri Rhoda asimuage. Amwamshe kidogo tu.

“Hapana,” alisema Noreen.

Baba alimtazama usoni, akangoja kidogo, kisha akaenda yeye mwenyewe kumuaga mchungaji.